Waya za meno: ninunue mswaki gani?

Siku ya kuwekwa waya za meno, mtu hutoka kliniki akiwa ameambiwa mengi na kukumbuka machache. Kesho yake amesimama mbele ya rafu ya duka la dawa, iwe Digo Road au Nyali hapa Mombasa, miswaki ya kila sura imempangia foleni, na muuzaji ana wateja wengine watano wa kuhudumia. Haya hapa ni maswali ambayo wenye waya na wazazi wao huuliza mara kwa mara. Majibu yanahusu waya zinazogandishwa kwenye meno, si zile plastiki za kuvaa na kuvua.

Mwanangu wa kidato cha pili amewekwa waya. Kwani mswaki aliokuwa nao una kasoro gani?

Mswaki hauna kasoro, mama. Kilichobadilika ni mdomo. Kila jino sasa limebeba kifungo kidogo cha chuma, na waya imepita juu ya vifungo vyote toka upande hadi upande. Nywele za mswaki zikipita hapo haraka haraka huishia kusugua chuma, na pale pembeni ya kifungo na chini ya waya hapaguswi kabisa.

Kinachobaki ni ukoga, ule utando laini wa rangi ya maziwa yaliyochacha. Hupenda kukaa kwenye kamstari kati ya kifungo na ufizi. Bakteria waliomo humo hula sukari tunayokula na kutoa asidi, na asidi hiyo huchota madini kwenye jino. Ukoga usipoondolewa, madoa meupe ya chokaa yanaweza kuanza kuonekana ndani ya wiki 4 tu, ilhali matibabu yenyewe kwa wengi huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Ndiyo maana kuna watoto ambao siku ya kuvuliwa waya meno yamenyooka vizuri, lakini kila jino lina duara jeupe palipokuwa na kifungo.

Pesa ni kidogo. Ninunue nini kwanza?

Vitu vitatu: mswaki laini wenye kichwa kidogo, dawa ya meno yenye floraidi (madini yanayolinda jino), na brashi ndogo za kupitisha kati ya meno. Vingine vyote ni nyongeza. Ukibakiwa na chenji, ongeza pakiti ya pili ya zile brashi ndogo kabla hujafikiria mashine yoyote.

Mswaki uwe laini kweli. Watu wengi hapa kwetu huamini kuwa mswaki mgumu ndio usafishao, na wazee ndio wagumu zaidi kuwatoa kwenye imani hiyo. Mswaki mgumu huchubua ufizi, na nywele zake hazipindi kuingia pembeni ya kifungo. Kuna miswaki iliyotengenezwa kwa ajili ya wenye waya: safu ya katikati imekatwa fupi ili nywele za pembeni zishuke juu na chini ya waya. Ni mizuri ukiipata, ila usizunguke mji mzima kuitafuta. Mswaki laini wa kawaida unaotumiwa kwa utulivu unafanya kazi.

Kwenye boksi la dawa ya meno, tafuta maandishi madogo yanayotaja floraidi. Mwenye waya anahitaji iliyo kati ya 1,350 na 1,500 ppm, yaani sehemu za floraidi katika kila sehemu milioni za dawa. Rangi ya dawa, ladha yake na picha ya meno yanayometameta hazikuambii chochote.

Jambo moja la hali ya hewa yetu: usiufunge mswaki kwenye kifuniko ungali majimaji. Kwa unyevu huu wa Pwani hautakauka humo. Usimamishe wima mahali penye hewa. Kwa kawaida mswaki hubadilishwa kila baada ya miezi 3, lakini wa mwenye waya huchakaa mapema. Nywele zikishatawanyika, utupe hata kama mwezi haujaisha.

Hizo brashi ndogo ndizo zipi? Na rangi zake zina maana gani?

Ni vibrashi vyenye shina la waya nyembamba na nywele zilizouzunguka, na mshikio mfupi wa plastiki. Kwa mwenye waya, hicho ndicho kifaa kinachofika pale mswaki usipofika. Unakiingiza chini ya waya ya meno, kati ya kifungo na kifungo, unakisogeza juu na chini mara chache, kisha unakigeuza upite kutoka upande wa pili. Chukua kimoja, pitisha kwenye meno sita ya mbele baada tu ya kupiga mswaki, kisha kitazame kwenye mwanga. Ukiona vile vijivipande vyeupe vilivyokwama kwenye nywele, huna haja ya kuhubiriwa tena.

Rangi huonyesha unene, lakini kila kampuni ina mpango wake, kwa hivyo kijani ya huku si kijani ya kule. Soma milimita zilizoandikwa kwenye pakiti. Kibrashi kiingie kikiwa kimebana kidogo bila kulazimishwa. Shina la chuma likikwaruza jino, hicho ni kinene mno. Wengi huhitaji viwili: chembamba cha kati ya jino na jino, na kinene kidogo cha chini ya waya. Kinaoshwa na kutumika tena mpaka shina lipinde au nywele zilale. Ni cha mtu mmoja, hata kama ndugu wote wawili wana waya.

Nipige mswaki vipi, basi?

Mara mbili kwa siku, na ya usiku ndiyo usiyoweza kuiruka. Zile dakika mbili zinazosemwa kwa kila mtu hazikutoshi wewe. Hesabu nne au tano.

Anza kwa kusukutua maji kwa nguvu ili vipande vya chakula vitoke. Kisha simama mbele ya kioo, washa tochi ya simu ikibidi. Weka mswaki juu ya vifungo ukiuinamisha kuelekea ufizini, usugue kwa miendo midogo midogo. Uhamishe chini ya vifungo, ukiuinamisha kuelekea juu. Halafu usoni mwa vifungo vyenyewe. Usisahau upande wa ndani wa meno, ule unaoelekea ulimi, na sehemu ya kutafunia, maana waya hufanya watu wasahau kuwa jino lina pande nyingine. Brashi ndogo ifuate.

Ukimaliza, tazama kingo za vifungo. Chuma kisafi hung'aa na pembe zake huonekana wazi. Kikiwa kimefifia, au pembe zimejaa kitu cheupe, rudia hapo. Mwishoni tema povu, lakini usisukutue kwa maji. Najua ni vigumu, tumezoea kumalizia na kikombe kizima cha maji, lakini maji hayo huondoa floraidi uliyoinunua.

Mie natumia mswaki wa mti toka utotoni. Hautoshi?

Mswaki wa mti una sifa zake na hakuna haja ya kuuacha. Ukitafunwa vizuri ncha yake huwa na nyuzi laini, na huondoa ukoga kwenye sehemu pana za jino. Shida ni waya. Nyuzi zile hunasa kwenye vifungo, haziingii chini ya waya, na mtu akikaza mkono anaweza kubandua kifungo. Utumie upande wa ndani wa meno na kwenye magego ya nyuma yasiyo na vifungo, na kwa sunna yake wakati wa udhu. Usiku, mswaki laini na brashi ndogo hauviepuki.

Mswaki wa betri, au ile mashine ya kurusha maji, si ndiyo bora zaidi?

Mswaki wa umeme ni mzuri. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2014 na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yalionyesha kuwa, kwa watu kwa jumla, ulipunguza ukoga kwa asilimia 21 zaidi ya mswaki wa mkono baada ya miezi 3. Kama unao, utumie bila kuukandamiza, usimame kwenye kila jino, na uwe mpole juu ya vifungo. Kama huna, usijione umepungukiwa.

Mashine ya maji ni habari nyingine. Inafukuza mabaki ya chakula vizuri sana na ni raha kuitumia, lakini ukoga umenata kwenye jino na unahitaji kusuguliwa. Anayeacha mswaki kwa sababu ana mashine amefanya biashara ya hasara. Tena kwa wengi wetu, maji ya bomba huja siku zake na siku nyingine ni kisima cha chumvi: maji hayo huacha magadi kwenye tundu la mashine na kuiziba. Ukiwa nayo, tia maji safi ya kunywa.

Na uzi wa meno?

Ni mzuri, ila kwa mwenye waya ni kazi ya subira. Unapaswa kuupitisha chini ya waya kwanza, ama kwa kitanzi cha plastiki kinachofanya kazi ya sindano, ama kwa kununua uzi wenye ncha ngumu. Pale meno yalipobanana hata brashi nyembamba isiingie, uzi ndio pekee unaopita. Kijana akiufanya mara moja kwa usiku, mshukuru. Akishindwa, bora brashi ndogo ya kila siku kuliko uzi wa mara moja kwa wiki.

Mwezi wa Ramadhani nifanye nini?

Swali hili lina uzito wake. Mchana wa kufunga mdomo hukauka, mate hupungua, na mate ndiyo yanayosaidia kupunguza makali ya asidi. Ukoga ulioachwa baada ya daku utakaa hapo mpaka magharibi. Kwa hivyo mswaki wa daku, kabla ya adhana ya alfajiri, uwe wa makini kuliko wote. Amka dakika kumi mapema.

Futari yetu nayo ni tamu kwa waya: tende hunata chini yake, na kaimati zimerowa shira. Kula, lakini kula mara moja. Kinachoumiza meno zaidi ni kudokoa toka baada ya tarawehe hadi usiku wa manane, kwa sababu kila ukionja kitamu asidi hurudi kwa karibu nusu saa. Baada ya futari sukutua kwa maji, pitisha brashi ndogo, kisha piga mswaki kabla ya kulala. Kuhusu kutumia dawa ya meno mchana ukiwa umefunga, muulize sheikh wako. Kwa upande wa meno, usiku na daku yanatosha yakifanywa vizuri.

Fizi zangu zatoka damu nikipiga mswaki. Nipumzishe?

La. Damu hiyo mara nyingi ni dalili kuwa ukoga umekaa ufizini na ufizi umevimba. Ukiacha, uvimbe unazidi mpaka ufizi unaanza kufunika vifungo. Endelea kwa upole na mswaki laini. Kwa wengi hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Isipopungua, au damu ikitoka yenyewe bila kuguswa, muone daktari wa meno.

Kuna vya kuepuka?

Vigumu na vinavyonata: kashata, mahindi ya kuchoma yakiumwa kwenye gunzi, barafu, jojo, na mabuyu ambayo yana kokwa gumu, sukari na rangi vyote kwa pamoja. Mahindi yapukuchue, miwa kunywa juisi yake kwa mkupuo mmoja badala ya kutafuna. Baada ya ukwaju au ndimu ngoja nusu saa ndipo upige mswaki. Manjano ya biriani yatapaka rangi vile viraba vidogo vinavyoishikilia waya kwenye vifungo, lakini viraba hubadilishwa ukirudi kwa daktari, hilo lisikukoseshe walima.

Unga wa mkaa na dawa za kung'arisha achana nazo kwa sasa. Mkaa hukwaruza, na kung'arisha hakufiki chini ya kifungo. Dawa ya kusukutua yenye floraidi husaidia ikitumiwa wakati mwingine, tuseme adhuhuri baada ya chakula cha shule, si mara tu baada ya mswaki. Watoto walio chini ya miaka 6 wasipewe, maana wataimeza.

Nimeshaona madoa meupe. Yatatoka?

Mengine hufifia ukoga ukiondolewa na floraidi ikitumiwa kila siku, mengine hubaki. Usiyasugue kwa nguvu ukidhani ni uchafu, kwa sababu hapo jino tayari limepungukiwa na madini. Mwonyeshe daktari anayeshughulikia waya zako mapema, usisubiri miadi ya mwezi ujao kama umeona ghafla.

Lakini si kila doa limeletwa na waya. Mtoto aliyekulia Nakuru au Naivasha, ambako maji ya sehemu nyingi yana floraidi nyingi kupita kiasi, huenda alikuja Mombasa na madoa yake meupe au ya kahawia toka meno yanaota. Hayo hutawanyika juu ya jino zima, mara nyingi kwa meno yanayofanana ya kulia na kushoto, wakati ya ukoga hufuata umbo la kifungo na mstari wa ufizi. Ndiyo maana ni vizuri kupiga picha ya meno kwa simu, mchana kwenye mwanga, kabla vifungo havijagandishwa, na kuihifadhi mpaka siku vitakapobanduliwa.