Wiki ya tatu, mizani inapogoma

Mwalimu aliingia kliniki Jumatatu amekunja uso. Anafundisha shule ya msingi, anakaa Nkuhungu, ana kisukari cha aina ya pili, na wiki tatu kabla ya hapo aliondoka mezani kwangu akiwa na ari kubwa. Safari hii aliketi, akapakata mkoba wake, akasema, "Dada, mwili umegoma. Wiki ya kwanza nimepungua kilo mbili. Ya pili, nusu kilo. Hii ya tatu hata robo hakuna. Naamka gizani kutembea, ugali nimepunguza, kwa faida gani?"

Nimekaa kwenye kazi hii ya lishe hapa Dodoma muda wa kutosha kuizoea kauli hiyo. Huja wiki ya tatu, mara nyingine ya nne. Anayeitoa huwa ameshajihukumu kwamba ni mvivu au hana msimamo. Mimi sikubaliani naye. Ninachokiona mara nyingi ni mtu aliyeanza vizuri bila kuelezwa mwili wake utafanya nini, kisha akauachia moyo peke yake kazi ya kumwamsha kila siku.

Tuanze na mizani, maana ndiyo inayowavunja moyo wengi. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, inaitwa glaikojeni, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na takriban gramu tatu za maji. Ukipunguza ugali na kuanza kutembea, akiba hiyo ndiyo inayochotwa kwanza, na maji yake yanatoka nayo. Zile kilo mbili za wiki ya kwanza kwa sehemu kubwa zilikuwa maji. Mafuta hutoka taratibu zaidi. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri sana, lakini ni kiasi kidogo kinachofichika kirahisi, kwa sababu uzito wa mtu mzima hupanda na kushuka hata kilo moja au mbili ndani ya siku moja kutokana na chakula, maji, chumvi na choo. Ukila mbuzi choma yenye chumvi nyingi Jumapili jioni, ukapima Jumatatu asubuhi, mizani haitakusomea mafuta uliyopoteza.

Kwa hiyo nilimwomba Mwalimu daftari lake la sukari. Siku aliyoanza, kipimo cha asubuhi kabla ya kula kilikuwa 9.8 mmol/L. Wiki hiyo aliyosema mwili umegoma kilikuwa 7.6. Nikamwonyesha kwa kalamu, mstari kwa mstari. Alinyamaza, akavuta daftari karibu, akahesabu mwenyewe upya kutoka ukurasa wa kwanza.

Misuli inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, na athari hiyo inaweza kuendelea siku nzima au zaidi baada ya kumaliza matembezi. Ndiyo maana watu wenye kisukari tunawaambia wasipitishe siku mbili mfululizo bila kuushughulisha mwili. Presha nayo hushuka kwa saa kadhaa baada ya zoezi, na usingizi huwa mzuri. Hayo yote huanza mapema, kabla kiuno cha sketi hakijalegea. Nikimpa mtu mizani peke yake kama shahidi, nimemnyima mashahidi wengine wote. (Kama unatumia insulini au vidonge kama glibenklamidi, tembea na pipi mfukoni, maana sukari inaweza kushuka ghafla, na usipunguze dawa bila kuongea na daktari wako.)

Sasa hamu ya mazoezi. Watu huniomba niwape hamu, kama vile ninayo kwenye kabati la dawa. Hamu huja na kuondoka, na Dodoma ina kila sababu ya kuiondoa. Saa tatu asubuhi jua limeshakuwa kali. Julai na Agosti kuna upepo na vumbi linaloingia machoni. Desemba mpaka Aprili kuna mvua, na mitaa isiyo na lami inakuwa tope. Katikati kuna msiba kijijini, harusi tatu mwezi mmoja, Kwaresima, Ramadhani. Anayesubiri ajisikie vizuri ndipo atoke, atatoka mara chache sana kwa mwaka.

Kuna utafiti wa University College London uliochapishwa 2010 ambao huwa nawasimulia wagonjwa. Watu 96 walichagua kila mmoja jambo dogo la kufanya kila siku, mahali pale pale au baada ya tukio lile lile. Wakafuatiliwa kwa siku 84 kuona ni lini jambo hilo litaanza kufanyika lenyewe bila kujisukuma. Kwa wale 39 ambao takwimu zao ziliweza kukadiriwa vizuri, nusu walikadiriwa kufikia hapo ndani ya siku 66. Lakini mwepesi kuliko wote alihitaji siku 18, na mzito alikadiriwa kuhitaji 254. Mazoezi yalichukua muda mrefu kuliko kunywa glasi ya maji. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Wiki ya tatu ni siku ya 21 tu. Mwalimu alikuwa hajafika hata nusu ya njia ya mtu wa kawaida, na tayari alikuwa anajiita ameshindwa.

Mwishoni mwa 2016 Mama Samia, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi kitaifa. Naipenda siku hiyo, inatoa watu ndani. Ila mwili unahitaji walau dakika 150 za mwendo wa kutoa jasho kidogo kila wiki, yaani dakika 30 kwa siku tano, na hizo haziwezi kutegemea tukio. Zinahitaji kufungwa kwenye kitu ambacho tayari unakifanya.

Bwana mmoja mtumishi wa serikali aliniletea mfano bora kuliko wangu. Alihamia huku kutoka Dar. Kule alikuwa anatembea kwenda kituo cha daladala, anasimama njia nzima, anatembea tena. Hapa anatoka nyumbani Ilazo kwa gari mpaka ofisini Mtumba, anakaa kwenye kiti mpaka saa kumi, anarudi kwa gari. Kwa miaka michache akaongezeka kilo na presha. Alijaribu kuamka alfajiri, akashindwa. Kisha akagundua pale hasa anapopotelea: akishaingia ndani na kukaa kwenye kochi, basi. Akaweka raba kwenye buti la gari. Akizima gari nje ya geti lake, anabadilisha viatu palepale, anatoka mguu kabla hajafungua mlango wa nyumba. Siku za mvua anapanda na kushuka ngazi ya baraza kwa robo saa. Hakuongeza nia hata chembe. Alihamisha viatu.

Jikoni ni vilevile. Nyumbani kwetu tulikuwa watu wanne, na dumu la mafuta la lita tano lilikuwa likiisha kwa siku 18. Nilikaa siku moja nikapiga hesabu: karibu mililita 70 kwa kila mtu kwa siku, zaidi ya vijiko vinne vya chakula, na kijiko kimoja kina takriban kalori 120. Hakuna aliyekuwa anakula vibaya makusudi. Tatizo lilikuwa mkono na dumu: ukiinamisha dumu juu ya sufuria, yanayotoka ndiyo hayohayo. Sasa kila Jumapili tunamimina mafuta ya wiki kwenye chupa ndogo, dumu linarudi stoo, na jikoni kuna kijiko. Kijiko kinakumbuka hata siku ambayo mpishi amechoka.

Kuhusu chakula nina jambo linaloniuma. Nilipoanza kazi nilikuwa nagawa karatasi niliyotoka nayo chuoni: tufaha, brokoli, shayiri ya asubuhi. Dereva mmoja wa bajaji aliikunja mara nne, akaitia mfukoni, na sikumwona tena. Karatasi ile ilimwambia kwamba afya ni ya watu wengine. Na huku nyumbani kwao, kama kwa Wagogo wengi, kuna mlenda: majani yaliyokaushwa na kusagwa, yanapikwa kwa maji na karanga za kusaga, bila kukaanga chochote. Ule utelezi wake ni aina ya nyuzinyuzi inayosaidia sukari isipande kwa kasi. Kwa ugali wa uwele au mtama usiokobolewa, huo ni mlo ningeuandika kwa herufi kubwa. Angalizo langu ni magadi, kwa sababu yana sodiamu kama chumvi. Mwenye presha apunguze au aache. Watu wengi waliohamia mjini wanauonea aibu mlenda, wanamkaribisha mgeni kwa chipsi na soda. Soda moja ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai kama tisa.

Na kuna maneno ya watu. Huku kwetu kunenepa ni kupendeza, ndoa imekukubali, kazi inalipa. Ukipungua kilo nne tu, jirani anakushika mkono sokoni: "Shoga, mbona umekwisha hivyo? Unaumwa?" Nimeona wanawake wakiacha kila kitu kwa ajili ya swali hilo. Nawashauri waandae jibu mapema, fupi, walitoe bila kujitetea: "Naumwa sukari, natembea ili nisikatwe mguu. Twende wote kesho." Mwalimu aliniambia amelitumia jibu hilo kama lilivyo.

Alirudi baada ya miezi miwili. Mizani ameisukuma chini ya kitanda, anapima kiuno mara mbili kwa mwezi kwa utepe wa fundi cherehani. Nilimuuliza kama hamu imerudi.

"Hamu siioni, Dada," akasema. "Ila yule jirani wa sokoni, saa kumi na mbili kasoro ameshagonga geti. Nisipotoka anaamsha nyumba nzima."