Kabla hujapanda basi kwenda kusaidia waliokumbwa na maafa

Mvua zikizidi Mlima Elgon, vijana wa Kampala, Jinja na hapa Mbale huanza kunitumia ujumbe: "Mwalimu, tunataka kuja kusaidia." Kazi yangu ni kufundisha watu wanaojitolea wakati wa maafa, kwa hiyo huwauliza kwanza: mkifika mtafanya nini? Karibu wote hujibu kwamba watachimba. Ni nadra kumsikia anayesema ataandika majina.

Kuchimba hufanywa na majirani. Tarehe 1 Machi 2010, mlima ulipoporomoka Nametsi, wilaya ya Bududa, ukafukia hadi soko na kituo cha afya, walioanza kufukua ni wanakijiji wenyewe, kwa majembe na mikono mitupu. Kwenye maporomoko ya Bukalasi mwaka 2018 na ya Bulambuli mwaka 2024 tatizo lilikuwa lile lile: miteremko mikali, matope, mashine nzito zisizofika upesi. Wewe unayetoka mbali utakuta kazi iliyobaki ni ile ndefu isiyopigwa picha, yaani kambi ya waliopoteza makazi.

Na kambi huendeshwa kwa daftari. Orodha ndiyo inayoamua nani apate turubai, sufuria na blanketi, na nani arudi mikono mitupu. Chukua mama aliyefika mezani na watoto watatu. Anataja majina, anataja umri, halafu anataja mtoto wa nne. Kijana anayeandika orodha anainua macho, anahesabu: watatu. "Huyu bado hajaonekana, mwanangu. Lakini mwandike."

Hapo ndipo kijana hutaka kusema, "Pole mama, atapatikana tu." Mimi huwakataza. Hujui kama atapatikana. Unaandika jina, umri, mahali alipoonekana mara ya mwisho na nguo alizovaa, kisha unamsindikiza mama, humwelekezi kwa kidole, mpaka kwa wanaoshughulikia waliopotea. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 unaijenga kazi hii juu ya mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Hakuna mahali unapoambiwa umlazimishe mtu asimulie yaliyompata. Akinyamaza, nyamaza naye. Nimeona wasemaji hodari wa vyuoni wakishindwa na dakika mbili za ukimya huo, na nimeona watu wapole wakiuweza siku ya kwanza. Wanaoshindwa hujifunza, wakikubali kukaa.

Orodha hiyo hiyo ina mtihani mwingine. Mzee mwenye cheo kijijini anakuja na karatasi yake, nusu ya majina ni ya ukoo wake. Kijana wa miaka 22 aliyelelewa kupiga goti mbele ya wazee atafanyaje? Tunafanya mazoezi ya jibu hilo darasani: "Mzee, asante. Tutayapitia majina haya pamoja nawe na majirani, nyumba kwa nyumba, ndipo tuyaingize." Sauti ya chini, kalamu haijaguswa. Anayeweza kusema hivyo bila kutetemeka na bila kiburi amepata kitu atakachokitumia kazini na hata kwenye vikao vya familia.

Maji nayo yana somo lake. Viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura, viitwavyo Sphere, vinataka angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, na choo kimoja kwa watu 20. Familia ya watu sita ni lita 90, yaani madumu manne na nusu ya lita 20, kila siku. Maji ya mto yaliyojaa tope hayatibiki vizuri kwa klorini, kwa sababu tope huimaliza dawa kabla haijaua vijidudu. Kwanza unayatuliza kwa shabu, chumvi inayofanya tope lizame chini. Kisha unatia klorini, unangoja nusu saa, unapima kama imebaki miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Hiyo nusu saa foleni iko mbele yako, watu wanagonga madumu, na wewe ndiye unayesema bado.

(Nguo kuukuu, tafadhali, zibaki nyumbani mpaka mtu wa kambini aziombe. Viatu vya visigino virefu kwenye matope ya Bududa havimsaidii mtu, na kuvichambua kunakula siku nzima ya watu wazima.)

Kuna wanaowacheka vijana wanaojitolea ili wapate cheti. Mimi siwacheki. Ajira ni ngumu, na barua ya msimamizi inayosema ulishika orodha kwa uaminifu ni haki yako. Anayenichosha ni yule anayekuja kubadilishwa na machozi ya wengine, akapiga picha, akaondoka kesho yake. Vilevile asiyekubali kupumzika zamu yake ikiisha: siku ya tatu huyo ndiye tunayemhudumia sisi.

Kama bado unataka, usingoje habari ya maporomoko. Msalaba Mwekundu wa Uganda una matawi mikoani na hufundisha huduma ya kwanza. Nenda Januari au Februari, kabla ya mvua za Machi. Ukiitwa, njoo na gambuti, koti la mvua, chakula chako na simu yenye chaji, na umuulize kiongozi wa kikundi zamu yako inaanza saa ngapi na inaisha lini.