Swichi ya bohari haikustahili kuwa mzizi

Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na fundi kijana hapa Lubumbashi: "Shefu, spaningi trii inajiwasha yenyewe, hakuna cha kupanga." Spaningi trii ni itifaki, yaani kanuni ambayo swichi za mtandao hufuata kuziba njia za ziada. Kujiwasha inajiwasha, na vitanzi, yaani njia za duara, inavizuia. Bila hiyo fremu za Itheneti (vifurushi vya data kati ya swichi), ambazo tofauti na pakiti za IP hazina kikomo cha kuruka, zingezunguka hadi swichi zote zizidiwe. Hapo hatugombani. Ugomvi wangu ni mzizi.

Njia zote za mti hupimwa kutoka kwenye swichi moja, ndiyo mzizi. Inayochaguliwa ni yenye namba ndogo ya kipaumbele, na usipoigusa, zote zina 32768. Zikilingana, inaamua anwani ya MAC, namba ya kiwandani ya kila kifaa: ndogo ndiyo inashinda. Nguvu ya swichi haiulizwi, wala mahali ilipo. Na kwa swichi za mtengenezaji mmoja, anwani ndogo mara nyingi ni ya ile kuukuu.

Nikamfungulia skrini. Swichi tatu zimeungwa pembetatu: kuu iko chini, nyingine ghorofani, ya tatu bohari, imejaa vumbi jekundu hadi kwenye feni. Zote zinasoma 32769, yaani 32768 na namba ya VLAN 1 (mtandao pepe ndani ya swichi) juu yake. Mzizi? Ya bohari! Kebo kati ya swichi kuu na ya ghorofani ni ya gigabiti, gharama 4 (kadiri kebo ilivyo ya kasi, gharama hupungua, na njia ya gharama ndogo ndiyo hutumika). Za kwenda bohari ni za megabiti 100, gharama 19 kila moja. Swichi kuu ikipita moja kwa moja inalipa 19, ikipitia ghorofani inalipa 23. Basi iliyozibwa ni ile ya gigabiti. Faili za wahasibu wa ghorofani zilikuwa zinakwenda bohari kwanza ndipo zifike kwenye seva iliyo chini ya miguu yao.

Halafu umeme. Swichi mbili ziko kwenye betri, ya bohari imechomekwa ukutani tu. Umeme ukikatika, mti unapangwa upya: kwa itifaki ya zamani, poti husikiliza sekunde 15, hujifunza 15, ndipo ipitishe data. Umeme ukirudi, bohari inadai kiti chake na watu wanangoja tena. Ofisi nzima ililaumu intaneti.

Swichi kuu ipe kipaumbele 4096, ya ghorofani 8192 iwe akiba. Tumia RSTP, toleo la haraka la spaningi trii, ipo tangu 2001. Poti za kompyuta ziwe za ukingoni, yaani zipitishe data mara moja bila kungoja, zenye ulinzi wa BPDU: poti inafungwa ikipokea BPDU, ujumbe wa spaningi trii unaotumwa na swichi.

Kwenye ulinzi huo ndipo ninaposita. Vitabu vinasema uwashe, basi. Lakini poti iliyofungwa ijifungue yenyewe baada ya dakika 5? Ikijifungua na kosa bado lipo, itafungwa tena, na tena. Isipojifungua, mtu wa Likasi, mji mwingine, anakaa bila mtandao hadi nifike. Kwa sasa za Likasi naziacha zijifungue. Za hapa mjini nazifungua kwa mkono, baada ya kuiona kebo kwa macho yangu.