"Repel" si kuua: dhana potofu kuhusu kitenzi cha kurudisha nyuma

Kitenzi cha Kiingereza "repel" kimetoka katika Kilatini: "re" ni nyuma, "pellere" ni kusukuma. Anayerudishwa nyuma bado yupo. Hakufika tu alikokuwa anakwenda. Makosa mengi huanza pale maana hiyo inaposahaulika.

Dhana potofu: "Mosquito repellent" ni dawa ya kuua mbu.
Ukweli: Ni ya kumfukuza tu. DEET, kiambato cha mafuta mengi ya kujipaka, huvuruga uwezo wa mbu wa kunusa ngozi. Mbu hutoka salama na anaweza kumuuma aliyelala pembeni yako bila kujipaka. Ya kuua huitwa "insecticide". Pareto, maua yanayotengenezewa dawa ya wadudu, inayolimwa Mufindi na Mbeya Vijijini ndiyo inayowachanganya wengi, maana sumu yake ikiwa kidogo hufukuza wadudu na ikiwa nyingi huua. Kwa hiyo soma neno lililoandikwa kwenye kopo, usitazame picha ya mbu.

Dhana potofu: Aliyeshinda vita lazima "alirepel" adui.
Ukweli: Hapa wanafunzi wa Iringa wanaipunguzia historia yao uzito. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe waliuvizia msafara wa Wajerumani, wakauangamiza karibu wote na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Ukiandika "The Hehe repelled the Germans at Lugalo", msomaji ataona watu waliolinda boma na wavamizi waliogeuka kurudi kwao. Haikuwa hivyo. Andika "destroyed" au "wiped out". Mahali "repel" inapokaa sawasawa ni Kalenga, ngome ya Wahehe, Oktoba 1894, tena kwa kukanusha: "The defenders failed to repel the attack." Wajerumani walikuja kulishambulia boma, na wakaliteka.

Dhana potofu: Koti la "water-repellent" ni sawa na la "waterproof".
Ukweli: La kwanza hufanya matone yateleze, manyunyu halina shida nayo. Mvua ya Tukuyu ya saa nzima, au mkanda wa begi unaokandamiza bega, hupitisha maji. La pili ndilo linalozuia maji yasipenye.

Dhana potofu: "Repellent" na "repulsive" ni neno moja.
Ukweli: Shina ni moja, matumizi mbali. "Repulsive" husemwa juu ya kitu kinachotia kinyaa, hivyo "repulsive cream" ni krimu inayochefua. Fizikia pekee hulitumia bila kinyaa: "repulsive force" ni nguvu inayosukumana, kama ncha mbili za kaskazini za sumaku. "Repulse" nayo hurudisha nyuma jeshi, na pia hukataa kwa ukali wema wa mtu. Mtu akikuambia "Your words repel me", tafsiri ni "yananichukiza"; "yananifukuza" hapo haisemi kitu.

Dhana potofu: Huandikwa "repell", na huongezwa "back".
Ukweli: "Repel" ina l moja. Mkazo uko kwenye silabi ya mwisho, ndiyo maana l huwa mbili katika "repelled" na "repelling". "Back" imo tayari ndani ya "re". Tena usiichanganye na "repeal", kufuta sheria, wala "rappel", kuteremka mwambani kwa kamba.