Je, Wajua? Mawimbi ya Stelingi Yalikuwa Nyuma ya Pazia

Chukua filamu yoyote ya vijana wa ufukweni iliyotengenezwa Marekani kati ya 1959 na 1966 hivi, utakuta mpangilio uleule. Kwanza picha ya mbali: mtu anashuka na wimbi juu ya ubao, magoti amekunja, povu linamfuata. Mara inakuja picha ya karibu: stelingi anatabasamu, anamsemesha binti aliye juu ya ubao wa jirani, nywele zimechanwa na hazina hata tone la maji, na nyuma yao bahari inachemka. Kisha tunarudi mbali. Ile picha ya karibu ilipigwaje?

Jibu linalotoka haraka vinywani mwetu ni kitambaa cha kijani, kile kinachowekwa nyuma ya mtangazaji wa utabiri wa hali ya hewa. Jibu hilo si sahihi, na kosa lake linafundisha mengi kuliko linavyoonekana. Kitambaa cha kijani kilienea baadaye, kompyuta ilipoingia kazini. Enzi za filamu hizi rangi iliyotumika ilikuwa buluu, na mbinu yenyewe haikuwa ngeni: ilishatumika mwaka 1940 katika The Thief of Bagdad. Buluu ilichaguliwa kwa sababu filamu ya rangi ina tabaka linalohisi mwanga wa buluu peke yake, na ngozi ya binadamu ina buluu kidogo, hivyo mtu angeweza kutenganishwa na kilicho nyuma yake. Utenganishaji huo ulifanywa kwa kemikali na mashine ya kunakili: unatoa nakala za nyeusi na nyeupe, unatengeneza kivuli cha umbo la mwigizaji kinachoziba eneo lake, kisha unachapa mara mbili, bahari kwanza na mtu baadaye, kila kimoja kikiingia kwenye tundu la mwenzake. Tundu likipishana na umbo kwa unywele mmoja tu, mtu anazungukwa na ukingo wa buluu.

Sasa mweke mtu huyo juu ya ubao wa mawimbi. Nyuma yake pazia la buluu, mbele yake fundi anarusha maji. Kila tone linapitisha buluu ya pazia. Nywele zinazopeperuka zina kingo zisizo na mwanzo wala mwisho. Kaptura ya kuogelea yenye buluu inatoboka na bahari inaonekana kupitia paja. Wa kuipatia kazi hiyo walikuwepo, ila ilitaka muda na fedha, na filamu hizi hazikuwa na vyote viwili. Kampuni ya American International Pictures, iliyotoa Beach Party mwaka 1963 ikiwa na Frankie Avalon na Annette Funicello chini ya mwongozaji William Asher, ilijulikana kwa kutengeneza haraka na kwa gharama ndogo.

Basi walifanya jambo la kale zaidi, ambalo mtu akilielewa hawezi tena kuzitazama filamu hizi kwa macho ya zamani. Bahari haikuongezwa baadaye. Ilikuwepo palepale studio, nyuma ya mgongo wa mwigizaji, ikiwa picha inayotembea. Wapiga picha walikwenda baharini kwanza wakarekodi mawimbi matupu, au mawimbi yenye watelezaji wa kweli kwa mbali. Filamu hiyo ikasafishwa, ikawekwa kwenye projekta, na projekta ikaelekezwa kwenye pazia linalopitisha mwanga, ikimulika kutoka upande wa nyuma. Upande wa mbele alisimama stelingi juu ya ubao uliofungwa kwenye kitako kinachoyumba, mafundi wakiutikisa kwa mikono, feni ikivuma, maji yakirushwa. Kamera ikayarekodi yote kwa pamoja.

Hapo ndipo tone la maji linapogeuka kutoka adui kuwa rafiki. Kwa kuwa wimbi liko nyuma kweli, tone linalopita mbele ya pazia linaonyesha wimbi kupitia ndani yake, bila mtu kulikata wala kulichapa. Unywele vilevile, na povu vilevile.

Mbinu hii ilianza kutumika sana mwanzoni mwa miaka ya 1930, na King Kong ya 1933 inayo. Kilichoiwezesha ni ulinganifu wa mashine mbili.

Kamera ya filamu haioni mfululizo. Inapiga picha 24 kwa sekunde, na kati ya picha moja na nyingine kisahani kinachozunguka huziba mwanga ili filamu isogezwe. Kwa kawaida nusu ya muda iko wazi, nusu imefungwa: kama 1/48 ya sekunde inaona, 1/48 ya sekunde ni kipofu. Projekta nayo ndivyo ilivyo. Inamulika, inaziba, inasogeza, inamulika. Wafikirie wapiga kafi wawili kwenye mtumbwi mmoja. Kafi ikiwa majini, picha imetulia na mwanga unapita. Kafi ikiwa hewani, filamu inasogezwa gizani. Wakizamisha pamoja na kuinua pamoja, mtumbwi unakwenda. Mmoja akizamisha wakati mwenzake ameinua, kamera inafungua jicho wakati pazia ni giza, na stelingi anateleza mbele ya ukuta mweusi.

Tuseme sasa hawapishani kabisa, ila mmoja ni mvivu kidogo: kamera inakwenda 24, projekta 23.5. Tofauti ni nusu ya picha kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde 2 wanakutana na kuachana mara moja. Kwenye filamu bahari itang'aa, itafifia, itang'aa tena kila sekunde 2, huku uso wa mwigizaji ukiwa na mwanga usiobadilika. Ndiyo maana mota za kamera na projekta zilifungamanishwa kwa umeme, zikaanza pamoja na kuzunguka pamoja, hatua kwa hatua.

Projekta yenyewe ilipaswa kuwa tulivu kuliko ya sinema ya kawaida. Picha kwenye filamu ya milimita 35 ina upana wa milimita 22 hivi. Ukiikuza ifike mita 5, umeizidisha zaidi ya mara 220. Filamu ikicheza mlangoni, yaani kwenye tundu la projekta inapomulikwa, kwa sehemu 5 za mia za milimita, bahari nzima inaruka kwa zaidi ya sentimita moja. Ukumbini hakuna anayeona, kwa sababu kila kitu kinaruka pamoja. Studio mtu aliye mbele haruki, bahari inaruka, na jicho linagundua mara moja. Dawa yake ilikuwa vipini vinavyoingia kwenye matundu ya filamu na kuishika kila picha palepale kabla ya kumulikwa.

Kisha kuna mwanga, na hapa ndipo kazi nyingi ziliharibikia. Washa karabai usiku, itundike nyuma ya shuka jeupe, simama upande wa pili. Katikati, panapoelekeana na taa, utaona duara kali, na pembeni shuka linafifia. Ukisogea kushoto, duara linakufuata. Pazia la studio lina tabia hiyohiyo: wimbi linang'aa katikati na kingo za picha zinazama gizani. Karabai ikirudishwa nyuma sana, duara linapungua, kwa sababu miale inalifikia shuka karibu sambamba. Hivyo projekta iliwekwa mbali, ikitakiwa ukumbi mrefu: projekta nyuma kabisa, pazia, mwigizaji, halafu kamera, vyote kwenye mstari mmoja ulionyooka. Lakini picha ikikuzwa kutoka upana wa mita 3 kufika mita 6, mwanga uleule unatandazwa kwenye eneo mara nne. Farciot Edouart wa kampuni ya filamu ya Paramount alilitatua hilo kwa projekta tatu zenye nakala tatu za picha moja, zikimulika pazia moja, picha juu ya picha bila kupishana.

Mwigizaji naye alihitaji taa zake, na taa hizo zikigusa pazia kutoka mbele, weusi wa bahari unageuka kijivu. Ndiyo maana alisimama mbali na pazia, na taa zikaelekezwa kutoka pembeni au juu. Jua la Kalifornia halimuliki hivyo. Angalia vivuli: mawimbini jua linatoka upande mmoja tu, usoni mwa stelingi mwanga ni laini na unatoka pande mbili. Ongeza kwamba bahari imerekodiwa mara mbili, kwanza baharini na tena studio, kwa hiyo chembechembe za filamu zimezidi na rangi zimechakaa kuliko ngozi iliyo mbele yake.

Kipimo kikali kuliko vyote ni mstari ambapo bahari inakutana na anga. Mstari huo siku zote unapita kwenye kimo cha jicho la kamera. Kamera ikiwa mita 1.2 juu ya maji, mstari unamkata kifuani kila mtu mzima aliyesimama kwenye maji yaleyale, awe karibu au mbali. Mawimbi yakirekodiwa kutoka juu ya mwamba, mstari unapaswa kupita juu sana ya vichwa. Studio wakimrekodi stelingi kamera ikiwa usawa wa kifua chake, mbele ya mawimbi hayo ya mwambani, ataonekana jitu, au bahari itaonekana kuinama. Ubao ukiinuliwa mita moja juu ya sakafu, kamera nayo lazima ipande mita hiyohiyo. Mara nyingi haikupanda.

Si kila kitu kilikuwa cha studio. Waigizaji walikimbia kweli na mbao zao ufukweni, na picha za mbali ni za watelezaji halisi. Katika Gidget ya 1959, iliyotokana na riwaya ambayo Frederick Kohner aliandika mwaka 1957 kuhusu binti yake aliyejifunza kuteleza ufukwe wa Malibu, Kalifornia, stelingi Sandra Dee anapoonekana wimbini mara nyingi ni Mickey Muñoz, mwanamume, aliyevalishwa wigi na vazi la kuogelea la kike. Linda Benson, mtelezaji hodari, alimwakilisha Deborah Walley, aliyeigiza Gidget katika filamu iliyofuata, ile ya Hawaii.

Mwakilishi mzuri huleta tatizo lake: mguu. Kuna wanaotanguliza wa kushoto na kuna wanaotanguliza wa kulia, na mazoea hayo hayabadiliki kirahisi. Stelingi akisimamishwa studio kinyume cha mwakilishi wake, atabadili miguu katikati ya wimbi moja. Mwelekeo nao huteleza. Wimbi la Malibu humpeleka mtelezaji kuliani kwake, maana yake anayetazama kutoka ufukweni humwona akielekea kushoto. Picha inayodaiwa ni ya Malibu ikikuonyesha kutoka mchangani mtu anayekwenda kulia, ama si Malibu, ama filamu imegeuzwa.

Ride the Wild Surf ya 1964 ilipita njia nyingine. Mawimbi yake makubwa ni ya kweli, ya Waimea huko Hawaii, na miongoni mwa walioyapanda ni Greg Noll, aliyejulikana kwa kaptura yake ya milia myeusi na myeupe. Noll hakuombwa abadilishe vazi ili afanane na mwigizaji. James Mitchum, mwigizaji aliyewakilishwa na Noll, ndiye aliyevalishwa kaptura ya milia.