“Musawo, nichome sindano nilale moja kwa moja”

Walikuwa wamemhamishia stoo, nyuma ya nyumba. Mama wa makamo, saratani ya mlango wa kizazi, mji mdogo njiani kuelekea Bombo, hapa Uganda. Nilipoingia alinishika mkono akaniambia maneno niliyoyaweka kama kichwa cha habari hapo juu (musawo ni tabibu kwa Luganda), kisha akaongeza: “Mungu atanisamehe, maana anaona.”

Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa. Kazi yangu ni kuwatembelea nyumbani wagonjwa ambao hospitali imeshawaambia hakuna zaidi. Ombi la sindano ya mwisho nimelisikia kwa Luganda, kwa Kinubi na kwa Kiswahili, kwa Wakristo na kwa Waislamu, na kila mara watu wa nyumbani huniangalia usoni kuona nitajibu nini. Basi naandika ninavyojibu.

Yule mama sikumhubiria. Nilimwuliza, kati ya yote, lipi linamtesa zaidi. Nilidhani atasema kiuno. Akasema: “Wajukuu hawaingii humu tena.” Ilikuwa harufu. Uchafu uliokuwa ukimtoka ulinuka kiasi kwamba na yeye mwenyewe alishindwa kula. Tulisaga vidonge vya metronidazo, dawa ya kuua bakteria, unga wake tukauweka kwa shashi safi kila siku, na maumivu tukayaanzishia mofini ya maji. Siku ya kumi nilikuta kitanda kimerudishwa ndani na yeye anaulizia gomesi yake, gauni la Jumapili, iko wapi. Aliishi wiki saba zaidi. Ombi lile hakulirudia.

Sisemi kwamba kila ombi la kufa limeficha harufu. Nasema kwamba anayejibu “ndiyo” au “haramu” kabla ya kuuliza hajamsikia mgonjwa.

Sheria ya Uganda haina mzunguko. Katiba ya 1995, ibara ya 22, inakataza kumwondolea mtu uhai kwa makusudi, isipokuwa kutekeleza hukumu ya mahakama. Sheria ya makosa ya jinai nayo inahesabu kwamba umeua hata kama mgonjwa angekufa kwa ugonjwa wake na wewe umemharakisha tu. Kwa hiyo kifo laini, eutanasia kama wengine wanavyoiita, hapa ni mauaji, hata mgonjwa mwenyewe akiomba.

Lakini watu wa Bombo, Arua au Kampala hawaniulizi habari za Katiba. Wananiuliza dini inasema nini. Kwa Waislamu jibu huanzia Suratun-Nisaa, aya ya 29, inayokataza watu kujiua na papo hapo kukumbusha kwamba Mwenyezi Mungu ni mwenye kuwarehemu. Mimi huwaomba watu wasiikate aya hiyo katikati, maana katazo na rehema vimekaa pamoja. Mtume pia alifundisha kwamba mtu asitamani kifo kwa sababu ya dhiki iliyompata, na kama hana budi, aombe aishi maadamu uhai ni heri kwake, na afe iwapo kifo ndicho heri kwake. Dua hiyo nimeishuhudia ikimtuliza mzee aliyekuwa akipiga kelele. Haimlazimishi mtu kujifanya hataki kufa. Inampa mahali pa kuyasema anayoyataka.

Kwa Wakristo, wahubiri wetu hupenda kisa cha Mwamaleki aliyemwambia Daudi kwamba Sauli, akiwa taabani, alimwomba ammalizie, naye akafanya hivyo. Daudi akaamuru auawe. Kusema kweli kisa hicho hakinisaidii sana, kwa sababu Daudi alitaja wazi kosa lake: kumwua masihi wa Bwana, yaani mfalme aliyepakwa mafuta. Ninayemkumbuka ni yule mchukua silaha wa Sauli, aliyeombwa upanga na bwana wake na akakataa kwa sababu aliogopa sana. Hofu ile naifahamu.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Hofu hiyo hiyo watu wameihamishia kwenye mofini. Nimeona watoto wa mgonjwa wakificha chupa juu ya kabati kwa sababu katekista au shehe kawaambia ni dawa ya kuua polepole. Mgonjwa analia usiku kucha, na nyumba nzima inaamini inamtunzia roho yake.

Mofini tunayotumia ni unga uliochanganywa na maji, na rangi hutofautisha nguvu yake. Huanza kidogo, kila baada ya saa 4, na dozi ya usiku huwa maradufu ili mtu alale bila kuamshwa. Tunapandisha kwa kufuata maumivu. Ikizidi, kwanza mgonjwa husinzia kupita kiasi, na hapo tunapunguza mapema, kabla pumzi haijaguswa. Tatizo linalobaki siku zote ni kufunga choo, ndiyo maana hatuiandiki bila dawa ya kulainisha. Vijijini hata mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa hutumika. Uganda ilifungua njia hii mapema: daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, shirika la tiba shufaa, mwaka 1993, na tangu 2004 wauguzi waliosomea wanaruhusiwa kuiandika. Serikali huitoa bure.

Mwaka 1957 Papa Pius XII aliulizwa na madaktari wa usingizi kama inafaa kutuliza maumivu hata kama dawa yenyewe itafupisha maisha. Alisema inafaa, ikiwa hakuna njia nyingine na nia ni kutuliza. Nia ndiyo inayotenganisha, na nia husomeka kwenye kipimo: anayetuliza hupima na kusubiri, anayeua hana haja ya kusubiri.

Uholanzi na Ubelgiji ziliruhusu kifo laini mwaka 2002, Kanada 2016. Wanaotetea husema mtu ana haki ya kuamua mwisho wake. Siwadharau. Ila kwa mtu ambaye chupa ya mofini haijamfikia, huo sio uamuzi, amesukumwa ukutani.

Na yupo mmoja aliyenishinda. Mzee, mwanajeshi mstaafu, Kiswahili chake cha kambini, ugonjwa wa neva umemlegeza misuli yote. Hakuwa na maumivu wala harufu. “Binti yangu,” aliniambia, “mimi siumwi. Nimechoka kugeuzwa kama gunia.” Nilimwambia siwezi kumwua. Aliniuliza tena karibu kila Alhamisi, na sikuwa na jibu jipya.

Alipoanza kupaliwa, hospitali ilishauri mpira wa chakula tumboni. Akaukataa kwa kichwa, mara tatu. Kanisa Katoliki, katika tamko lake la 1980 kuhusu eutanasia, linakubali mgonjwa kukataa matibabu yaliyo mzigo kuliko faida, na padri wake aliifafanulia familia hivyo. Tuliendelea kumlowesha midomo, kumgeuza na kumpa mofini kidogo ya kutuliza pumzi. Alifariki alfajiri. Binti yake aliniuliza mlangoni, kwa sauti ya chini, kama kuukataa mpira kulikuwa kujiua. Nilimwambia hapana, ugonjwa ndio uliomchukua, na padri aliyekuwa akifunga chupa ya mafuta akaitikia, “Hapana, mwanangu.”