Meksiko kwa Gari na Watoto: Hofu Huku, Hatari Kule

Kutoka Houston hadi mpakani Laredo ni kilomita 500 hivi, na ukishavuka, Monterrey iko kama kilomita 220 mbele. Kwa Mkenya au Mkongomani anayeishi Texas, Meksiko ni karibu kuliko Chicago. Lakini taja tu mbele za watu kwamba unataka kupakia watoto garini uende kuizunguka, uone. Mmoja atakwambia utatekwa. Mwingine atakwambia ameshakwenda Cancún, mji wa fukwe za watalii, na hakuona shida yoyote. Wote wawili wanakosea, na makosa yao yanafanana: kila mmoja ameichukua Meksiko yote kama sehemu moja.

"Meksiko ni hatari." "Meksiko ni salama, watu wanatia chumvi."

Nchi hiyo ina majimbo 31 pamoja na Mexico City, na ukubwa wake ni karibu kilomita za mraba milioni 2, yaani zaidi ya Tanzania mara mbili. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani haiipimi kwa kipimo kimoja. Kila jimbo lina ngazi yake, kuanzia 1 hadi 4. Kwa miaka kadhaa Yucatán na Campeche yamekuwa ngazi ya 1, wakati Tamaulipas, Sinaloa, Zacatecas, Colima, Michoacán na Guerrero yamekuwa ngazi ya 4, ambayo maana yake ni usiende. Orodha hiyo hubadilishwa, kwa hiyo isome upya wiki ya safari. Kufuta safari ya Mérida, kule Yucatán, kwa sababu ya habari za Culiacán, kule Sinaloa, ni sawa na kusikia habari za Goma ukafuta harusi ya Lubumbashi.

Wale wa "hakuna shida" nao wasikilize. Mji wa Nuevo Laredo, mlango wa kwanza kwa mtu wa Texas, uko ndani ya Tamaulipas. Njia iliyo fupi kuliko zote inaanzia katika jimbo la ngazi ya 4! Ndiyo sababu wasafiri wengi huacha madaraja ya mjini na kupanda kaskazini-magharibi hadi daraja la Colombia, ambalo linakuingiza jimbo la Nuevo León moja kwa moja. Unaongeza muda barabarani, unapunguza wasiwasi.

Hata ndani ya jimbo moja, vipande vya barabara vinatofautiana. Kule Chiapas, njia ya milimani kutoka San Cristóbal de las Casas kupitia Ocosingo hadi Palenque ina mandhari ya ajabu, na ina sifa ya vizuizi: wanakijiji huvuta kamba barabarani na kudai pesa ndipo upite, au hufunga njia kabisa kwa sababu ya mgogoro wao na serikali. Madereva wengi huzunguka kupitia Villahermosa, mbali zaidi lakini kwa utulivu. Na kuna siku ambazo hali hugeuka kwa saa chache. Tarehe 5 Januari 2023, Ovidio Guzmán, mtoto wa bosi wa dawa za kulevya El Chapo, alipokamatwa Sinaloa, magari yalichomwa barabarani, njia za kuingia Culiacán zikafungwa na uwanja wa ndege nao ukafungwa. Huwezi kutabiri siku kama hiyo. Unachoweza ni kuuliza hotelini kila asubuhi kabla ya kuwasha gari, kuangalia taarifa za CAPUFE, shirika la serikali linaloendesha barabara nyingi za kulipia, na kuwa tayari kulala palepale ulipo siku moja zaidi.

"Tuendeshe usiku, watoto watalala na foleni hakuna."

Hii ndiyo dhana inayonitisha kuliko zote, na inapendwa zaidi na sisi tuliozoea kuondoka alfajiri ya mapema ili tufike kijijini mchana. Usiku wa barabara za Meksiko una ng'ombe na punda waliosimama juu ya lami. Una malori yenye trela mbili nyuma ya kichwa kimoja, mengine yameharibika na kuachwa gizani, na mawe yamepangwa badala ya alama ya tahadhari. Halafu kuna matuta. Wenyewe huyaita topes, na yako kila mahali: mwanzo wa kijiji, mwisho wa kijiji, mbele ya shule, mara nyingine bila rangi wala kibao. Mchana unayaona kwa sababu gari la mbele limepunguza mwendo au kuna mama anauza matunda pembeni. Usiku unayagundua kwa chesisi.

Msaada nao hulala. Wizara ya Utalii ya Meksiko ina kikosi kilichoanzishwa 1960, kinachoitwa Ángeles Verdes, Malaika wa Kijani, mafundi wenye pikapu za kijani wanaozunguka kwenye barabara kuu. Ukipata pancha au injini ikichemka unapiga 078. Kazi yao ni bure. Unalipia vipuri na mafuta tu. Huduma nzuri sana, na natamani tungekuwa nayo kati ya Dodoma na Singida. Lakini doria zao ni za mchana, kwa kawaida saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Dharura ya ajali au uhalifu ni 911, nchi nzima, saa zote.

Kwa hiyo panga safari kuanzia mwisho: saa 11 jioni gari liwe limeegeshwa ndani ya geti la hoteli. Ukiwa na watoto, kilomita 500 kwa siku kwenye barabara za kulipia zinatosha. Milimani punguza hadi 300. Mpango wa kufika Mexico City kutoka mpakani kwa siku moja, kilomita zaidi ya 1,100, ni mpango wa kuingia kwenye jiji kubwa gizani ukiwa umechoka. Kumbuka pia kwamba Meksiko iliacha kubadilisha saa za kiangazi mwaka 2022, isipokuwa Baja California na baadhi ya miji ya mpakani. Saa ya simu ikiruka ukishauacha mpaka nyuma, usishangae.

"Barabara ya kulipia ni ya matajiri."

Mara nyingi kuna barabara mbili kati ya miji ileile: ya bure, libre, na ya kulipia, cuota, ambayo namba yake huishia na herufi D. Ya bure inapita ndani ya vijiji pamoja na matuta yake yote. Ya kulipia ina uzio, ina doria, na stakabadhi unayopewa hubeba bima ya mtumiaji kwa kipande hicho, kwa hiyo usiitupe mpaka utoke. Tozo zinauma, sikatai. Durango hadi Mazatlán kwa barabara ya 40D si bei ya chai, ila unavuka daraja la Baluarte, lililofunguliwa 2013, mita 400 hivi juu ya bonde, na njia ya zamani ya kona za Espinazo del Diablo unawaachia wenye muda. Mazatlán yenyewe iko Sinaloa, sasa rudi kwenye ile orodha ya ngazi kabla hujashawishika na daraja.

Beba peso taslimu. Vibanda vingi havipokei kadi za kigeni, na dola ukiwa mbali na mpaka huzitegemei.

Jambo la udereva lisilo kwenye ramani: lori la mbele likiwasha indiketa ya kushoto, dereva anaweza kuwa anakuambia "pita, mbele kweupe". Anaweza pia kuwa anakata kushoto. Angalia kama kuna njia ya kukatia kabla hujaovateki. Na kwenye daraja jembamba, anayekumulika taa kutoka upande wa pili hakukaribishi. Anasema anapita yeye kwanza.

"Bima yangu ya Marekani inatosha, nimelipia kila kitu."

Haitoshi. Bima ya Marekani ya kulipa madhara kwa watu wengine haitambuliwi Meksiko. Inatakiwa iliyotolewa na kampuni yenye leseni ya huko, na ni lazima kwenye barabara za shirikisho. Baadhi ya bima za Marekani hufidia gari lako mwenyewe kilomita chache kutoka mpakani, na hapo ndipo watu hudanganyika.

Uzito wake uko hapa: ajali ikiumiza mtu, dereva anaweza kushikiliwa mpaka ijulikane nani mwenye makosa na nani atalipa. Fikiria uko mahabusu, Kihispania hujui, na watoto wako na mama yao kando ya barabara. Bima ya kununua ni ile yenye wakili na dhamana ndani yake, na namba ya simu inayopokelewa usiku na mchana. Ichape kwenye karatasi. Anayeshuka ndege Cancún na kukodi gari ana mtego wake: bei ya mtandaoni inayoonekana ya bure kabisa kwa kawaida haina bima ya watu wengine, na kadi ya benki, hata ikilipia mikwaruzo ya gari, hailipii hiyo. Utaongezewa kaunta. Ihesabu tangu nyumbani.

"Pasi yangu ni ya Afrika, lazima nikaombe viza ya Meksiko."

Si lazima. Mwenye viza hai ya Marekani, au ukaazi wa kudumu wa Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au nchi za Schengen, huingia Meksiko kama mtalii bila viza ya Meksiko, kwa muda usiozidi siku 180, hata kama pasi yake ni ya Kenya, Tanzania au Burundi. Shida ni kwa yule ambaye ombi lake la hifadhi bado halijaamuliwa. Akitoka Marekani bila kibali cha kurudi kilichotolewa mapema, huhesabiwa amelitelekeza ombi. Hata kwa saa mbili za kula taco Nuevo Progreso, mji ulio mpakani kabisa. Huyu aongee na wakili wake wa uhamiaji kwanza, asisikilize binamu.

Mpakani hakuna anayekusimamisha kwa nguvu ugongewe muhuri. Unaweza kupita moja kwa moja ukadhani mambo yamekwisha. Simama. Tafuta ofisi ya uhamiaji, kila mtu aandikishwe, mtoto mchanga naye. Mzazi anayesafiri na watoto peke yake abebe barua ya mwenzake iliyothibitishwa na mthibitishaji, hata kama hakuna atakayeiomba.

"Gari ni langu, nani ataniuliza?"

Afisa wa forodha, kilomita 20 na kitu kutoka mpakani. Ukipita ukanda huo wa mpaka unahitaji kibali cha kuingiza gari kwa muda, kinachotolewa na Banjército, benki ya jeshi, dirishani au mtandaoni kabla ya safari. Unaacha dhamana: dola 200 kwa gari la 2000 na nyuma yake, 300 kwa la 2001 hadi 2006, na 400 kwa la 2007 kuja mbele. Gari likiwa bado lina mkopo, beba barua ya benki inayoruhusu litoke. Rasi ya Baja California haihitaji kibali hiki, na hiyo ni sababu nzuri ya kuanzia huko. Ila kule jazeni tangi El Rosario, kwa sababu mbele kuna kilomita 300 hivi za jangwa bila kituo cha mafuta cha uhakika.

Tukiwa kwenye mafuta: Marekani mkono wa pampu wa kijani mara nyingi ni dizeli. Meksiko kijani ni petroli ya kawaida, Magna. Nyekundu ni Premium. Dizeli ni nyeusi. Mhudumu ndiye anayejaza. Hakikisha mita inasoma sifuri kabla hajaanza, na muachie chenji kidogo.

"Trafiki wa kule ni kutoa kitu kidogo tu, wanaelewa."

Sisi si wageni wa jambo hili, na ndiyo maana tunalikimbilia. Ukisimamishwa na kuambiwa umekosa, omba kwa upole uandikiwe faini ukalipe kituoni. Mara nyingi haraka inamtoka na unaachiwa uende. Wanajeshi wa vizuizini ni habari nyingine. Wanauliza unatoka wapi na unakwenda wapi, pengine wanafungua buti. Vua miwani ya jua, zima muziki, jibu kwa ufupi.

Wanachotafuta ni silaha na dawa za kulevya, na hapa ndugu zetu wa Texas ndio walio hatarini zaidi. Bunduki ya halali Dallas ni kosa la jinai ukivuka daraja, na risasi moja iliyosahaulika chini ya kiti inaweza kukuweka ndani. Safisha gari lote, hadi kwenye mfuko wa tairi la spea. Pekua na mkoba wa dawa: pseudoephedrine, iliyo kwenye vidonge vingi vya mafua, imepigwa marufuku Meksiko.

"Tukishavuka kurudi, safari imekwisha."

Kibali cha gari hakijifuti chenyewe. Kabla ya kuvuka kuingia Marekani, nenda tena dirisha la Banjército ukiwa na gari lenyewe, wakifute, upewe stakabadhi. Ukipitisha tarehe, dhamana imekwenda. Usipokifuta kabisa, gari hilo linabaki kwenye kumbukumbu kana kwamba bado liko Meksiko, na hutapewa kibali kingine. Dirisha si kila mara liko kwenye daraja unalotaka kuvukia, kwa hiyo tafuta lilipo usiku uliotangulia, na siku ya mwisho wa Pasaka au likizo ya Krismasi tenga saa kadhaa za foleni, na maji ya watoto.